Kombe Lako Halimo Kabatini

Hajati,

Dua nimekuombea, sasa acha nikuulize. Kombe lako ulilipeleka wapi?

Hilo ndilo swali nililokuja nalo kaburini kwako wiki tatu mfululizo. Klabuni wanataka uwanja wa pili uitwe jina lako, na mimi mwanafunzi wako wa mwisho nimetumwa nilete kombe Jumamosi. Nilipofungua kabati lako hapa Mpumudde, nilikuta alama ya duara tu, nayo imeshaingia vumbi. Medali zipo. Raketi ya mbao ipo. Ile picha yako umevaa gauni refu na suruali chini yake, enzi ambazo wanawake wa tenisi walihesabika kwa vidole na watu walitoka Jinja nzima kuja kukucheka, nayo ipo. Kombe hakuna.

Unanijua nilivyo. Nilimshuku shemeji yako, kwa kuwa alilia kupita kiasi. Nilimshuku hata aliyeosha vyombo vya matanga. Kisha nikamkumbuka Afande Nambozo, yule mama askari magereza mstaafu wa Mbale uliyemshinda kwenye fainali yako ya kwanza, ukalitwaa kombe hilo. Alikuja mazikoni, akaomba kuingia chumbani kwako peke yake, akatoka bila kuaga mtu. Nikasema ni huyo huyo. Kinyongo cha fainali hakikumwisha.

Jumatatu nikaenda Mbale. Nikamuulizia mtaa wa Namakwekwe, wakanielekeza mtaa wa Malukhu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, Hajati, maneno yote nimeyapanga. Nikakuta kombe liko mezani sebuleni kwake, mlango wazi, mchana kweupe.

"Mimi hapana mwizi," akaniambia kabla sijakaa. "Hajati alileta yeye mwenyewe, kabla ugonjwa haijamshika. Alisema ile mpira ilikuwa ndani."

Mpira gani? Akanieleza. Pointi ya mwisho, mpira wake ulianguka karibu na mstari, upande wako. Ukasema nje. Alipovuka wavu kuja kutazama alama kwenye udongo, ulikuwa umeshaifuta kwa kiatu.

Sikumwamini. Nilimwona mtu mzima anamsingizia maiti asiyeweza kujibu. Ndipo akanionyesha leso yako ya kijani uliyolifungia kombe, na kamba ya kiatu juu yake, bado ina fundo lako, lile ambalo vidole vyangu havijawahi kulifungua. Na lile vumbi ndani ya duara, kumbe kombe lilitoka ukiwa hai, na chumbani kwako Afande aliingia kukuaga tu. Nikakaa chini.

Kila mpira wenye utata, hata wa mazoezi, ulitulazimisha kumwita mpinzani avuke wavu. "Usifute mpaka mwenzako aone." Siku niliyofagia alama mapema ulinifukuza uwanjani mbele ya wenzangu, nikalia hadi nyumbani. Nilidhani ni ukali wako tu.

Nina hasira nawe. Umemwambia yeye, mimi umenificha. Ulidhani nitakukimbia? Sasa hata mataji mawili uliyotwaa baadaye nimeanza kuyatazama kwa jicho baya. Nilimuuliza Afande. Akacheka, akasema hapana, zile siku ulimchapa kweli kweli. Nimeamua kumwamini, ingawa unajua kuamini kunanipa tabu.

Watu wa klabu hawajui lolote. Ningeweza kuliazima kombe, nikaling'arisha, nikanyamaza, na jina lako likapanda ukutani. Afande mwenyewe aliniambia nilichukue.

Nimelikataa. Jumamosi nitakwenda naye klabuni, atalibeba yeye, na nitasimama niseme yote mawili, ulichofuta na ulichorudisha. Wakikunyima uwanja, wakunyime. Mimi nitabaki kuwa mwanafunzi wako, na nimekukosa sana, Hajati, hata kufokewa na wewe nimekukosa.

Pumzika sasa. Nakuahidi sitafuta kitu mpaka wote wameona.

Mariamu wako