Nguo za Salfa Haziingii Ndani

Kitangari,
Newala.
11 Agosti 2024

Mpendwa Mjomba Hamidu,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba kabla kijana wako Uwesu hajamaliza kukusomea mstari wa kwanza, kwa hiyo naendelea. Goti la kushoto linasemaje? Nasikia baridi ya Njombe imekushinda mpaka unalala na soksi, wewe uliyekuwa ukitucheka sisi tukijifunika shuka mbili mwezi wa saba. Na mkazamjomba, kifua chake kimetulia? Mwambie tangawizi niliyomtumia asiitunze kabatini, ainywe.

Sisi huku wazima. Mama analalamika kuanzia alfajiri mpaka jioni, na wewe dada yako unamjua, akinyamaza ndipo tutakapoanza kutafuta dawa. Faidha yuko darasa la pili na ameota meno yale mawili ya mbele, makubwa kama ya babu yake. Mikorosho imetoa maua vizuri, ila upepo wa mwaka huu mkorofi. Usipoamka saa kumi na moja kupulizia, unga wako wa salfa unakwenda kutibu mikorosho ya jirani.

Ningepiga simu, lakini kwenye simu wewe husikii, na ukijibu unajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Tena jambo lenyewe lina aibu ndani yake, nimeona bora ulipate kwa maandishi, ukasirike huku nikiwa mbali. Nina habari mbili. Moja ni ya kosa, nyingine utaifurahia. Naanza na kosa, maana nikianza na nzuri utamwambia Uwesu aikunje barua hapo hapo.

Unakumbuka mwezi wa tano nilikwambia kazini wamenichagua niende India miezi sita, nikajifunze magonjwa ya mikorosho. Mabibi shamba tulivyo wengi wilaya hii, kuchaguliwa mmoja si jambo dogo. Mtihani wa Kiingereza wa kuandika nilikuwa nimeshafaulu, ukabaki wa kuzungumza, ana kwa ana na mtahini. Nikiukosa, nafasi inahamia wilaya nyingine, na mimi mwakani natimiza arobaini, umri ambao hawauchukui tena. Wewe ulinijibu maneno manne tu, nami nimeyabeba tangu siku ile: Faulu kwanza, ruhusa baadaye.

Basi nikamtafuta Anastasia. Yule rafiki yangu wa sekondari, mzaliwa wa Lulindi, aliyekuja harusini kwangu akala ugali wa muhogo mpaka wapishi wakamwonea huruma. Siku hizi anafundisha Kiingereza Masasi mjini. Kila jioni akawa ananipigia na kuniuliza maswali ya mtihani: chakula, safari, marafiki, mavazi ya kila siku. Hilo la mavazi alinitungia jibu lake, nikalikariri: siku za kazi navaa sketi na blauzi, mwisho wa wiki navaa jinzi nazunguka madukani na wenzangu. Nikamwambia mimi jinzi sina, na mwisho wa wiki nazunguka na mashine ya kupulizia mgongoni. Akasema mtahini hatakuja kufungua kabati langu.

Mtihani ulikuwa Ijumaa ya tarehe kumi na tisa mwezi uliopita, Masasi. Alhamisi asubuhi nilikuwa upande wa Tandahimba, nafundisha kikundi cha wakulima kupulizia. Tukachelewa kumaliza. Kama ningerudi nyumbani kubadili nguo, basi lingeniacha. Nikaoga pale kwa wenyeji, nikavaa safi, na zile nguo za salfa nikazifunga kwenye khanga, nikazisokomeza kwenye begi. Chini yake lilikuwa gauni la mtihani. Mjomba, nilijua ninachofanya. Sheria yako naijua tangu nikiwa na miaka minane, nguo za salfa haziingii ndani, zina tawi lake huko nje la kutundikwa, na begi nalo ni ndani. Lakini nilijisemea kwamba mjomba yuko Njombe, hanioni.

Nililala kwa Anastasia, na asubuhi nikafungua begi. Harufu ikanipiga puani kama kiberiti kizima kimewashwa kwa pamoja. Lile gauni la kitenge cha bluu, nililolishonesha kwa ajili ya siku ile, lilinuka kuliko zile nguo zenyewe. Anastasia alilinusa, akaenda kufungua madirisha yote. Gauni lake kuazima haiwezekani, yeye alivyo mwembamba lingeniingia mkono mmoja tu. Tukalikung'uta, tukalitundika kwenye upepo, tukalipiga pasi, kumbe moto wa pasi ndio unaoiamsha harufu. Mwisho akalimwagia manukato yake. Nikatoka pale nanuka salfa iliyoalikwa harusini.

Chumba chenyewe kidogo, dirisha limefungwa kelele zisiingie kwenye kinasa sauti. Mtahini alikuwa mama mtu mzima, umri wa Mama, miwani puani, kifuani kibandiko kimeandikwa Mabel. Hapo ndipo nilipoanza kupotea. Kiingereza hakina shikamoo, nami siwezi kumwingilia mtu mzima hivi hivi. Nikapiga goti kidogo, nikasema habari ya asubuhi kwa lugha yao, nikakaa kwenye ncha ya kiti ili niwe mbali naye.

Akaniuliza jina, nikajibu. Akaniuliza kazi, nikajibu vizuri tu. Kisha akainua macho, akaniangalia, akasema nimweleze kuhusu nguo ninazovaa siku za kawaida.

Mjomba, wewe kwetu unakujua. Mtu mzima akikuuliza umevaa nini, haulizi. Anakwambia kajiangalie. Shuleni tuliulizwa hivyo na walimu, msibani tunaulizwa hivyo na mashangazi, na hakuna aliyewahi kujibu kwa kutaja nguo. Unajibu kwa kuomba radhi na kwenda kubadili. Nikajua yamenifika, harufu imevuka meza. Jinzi na maduka yote yakanitoka kichwani. Nikainuka nusu kitini, nikaanza kumwomba msamaha. Nikamwambia mama nisamehe, si kwamba sikuoga, ni salfa, na kosa ni langu.

Akaweka kalamu chini. Akauliza salfa ni nini.

Nami nikaona mficha maradhi kifo humuumbua, bora niseme yote. Nikamweleza unga wa njano, na ukungu unaokausha maua ya mikorosho, na macho yanavyowaka. Nikamweleza nguo zetu za salfa, kwamba kila mwenye shamba anazo, shati lile lile na khanga ile ile msimu hadi msimu. Akauliza zinafuliwa wapi, zinawekwa wapi. Basi nikajikuta nasimulia habari ya Mujibu.

Nilimwambia kwamba huyo mdogo wangu alikuwa na miezi minane, na Mama alikuwa akitoka shambani anamnyonyesha hapo hapo, salfa kifuani, maana mtoto analia na ziwa limejaa. Akaanza kukohoa. Akakohoa mpaka akawa wa bluu midomoni, ukambeba wewe kwa baiskeli mpaka hospitali, Mama anakimbia nyuma. Mtoto aliporudi mzima, ulikuja na nyundo na misumari minne, ukaigongelea kwenye tawi la mkorosho wa nyuma ya jiko, ukatamka ile sheria. Mama ukamjengea kizuizi cha nyasi abadilie nguo humo. Alikununia mwezi mzima, akisema kaka yake anamvua nguo nje kama mwali. Nilimwambia mtahini kwamba kwetu neno la mjomba likishatamkwa limetamkwa, hata mama mzazi akinuna.

Na hapa kuna kosa la pili, Mjomba, nalo nalikiri. Aliniuliza kama wewe mwenyewe uliifuata sheria. Nikamwambia uliifuata mpaka siku ile uliyosahau suruali safi, ukaingia barazani umejifunga khanga ya Mama yenye maua mekundu, ukawakuta wageni wa posa wamekaa, nawe ukawasalimia mmoja mmoja kwa heshima zote. Yule mama aliziba mdomo kwa mkono. Nilimwona mabega yakitikisika. Nisamehe, nilikuwa nimeshajua nimefeli, na mtu aliyefeli hachagui cha kusema.

Mwisho akauliza kama hata sasa bado tunafuata sheria hiyo. Nikasema kila siku, isipokuwa jana. Akaandika kwa muda mrefu, akanishukuru, nikatoka.

Anastasia alikuwa ananingoja nje. Nilipomsimulia alikaa chini kwenye ngazi. Akaniambia swali lile la mavazi huulizwa kila mtu, limeandikwa kwenye karatasi, wanaulizwa hata wasionuka. Hakuna aliyenikemea. Nilikuwa nimemwomba radhi mtu ambaye hakunidai radhi, na nimekuvisha khanga mbele ya mgeni bila sababu. Maji yakimwagika hayazoleki. Nikapanda gari kurudi Newala, nikakaa kiti cha nyuma peke yangu, na hakuna aliyekuja kukaa karibu.

Wiki mbili nilizongoja majibu sitaki kuzirudia. Mara mbili niliweka chumvi kwenye chai. Baba Faidha akawa ananizungumzisha kwa upole kama mgonjwa. Mama hakuniuliza kitu hata siku moja, na hapo ndipo nilipojua ana wasiwasi kunizidi. Nilishaanza kumwandikia bosi barua ya kusema nafasi apewe mwingine, nikaichana, nikaianza tena.

Jumatatu iliyopita nilirudi toka shambani jioni, mwili wote wa njano. Simu huwa naiacha nyumbani. Nikamkuta Mama amesimama mlango wa jiko, simu yangu mkononi, uso hausomeki. Nikanyoosha mkono. Akairudisha nyuma ya mgongo wake, akasema vua kwanza.

Ujumbe ulikuwa umeingia tangu saa nne asubuhi, Mjomba. Ameshinda nao siku nzima, hajui kuusoma lakini tarakimu anazijua, na namba ya watu wa mtihani wa Masasi ameikariri. Na bado akanisimamisha pale mpaka nikaingia kwenye kile kizuizi cha nyasi, nikaoga, nikavaa safi, nikatundika zile kwenye msumari. Yeye aliyekununia mwezi mzima. Ndipo akanipa.

Walitaka alama sita na nusu. Nimepata saba.

Nilikaa kwenye kizingiti nikalia mpaka Faidha akaja kuuliza nani amekufa. Ulikuwa mzigo, Mjomba, sasa naweza kusema. Nilikuwa nalala nao na kuamka nao, na siku ile nilipoutua ndipo nilipojua uzito wake. Anastasia nilipompigia akasema jibu lake la jinzi analifuta kwenye daftari.

Mama anasema nikuandikie kwamba ile sheria yako ilikuwa sahihi. Nikamuuliza kama kweli niandike hivyo. Akasema andika haraka kabla sijabadili mawazo. Basi imeandikwa, na Uwesu ni shahidi.

Mujibu naye anakusalimu. Ana miaka thelathini na moja, kifua kama mlango, na ameahidi kupulizia shamba letu nikiwa sipo. Faidha atakaa na Mama. Baba Faidha amekubali niende, lakini mwenyewe anasema kukubali kwake ni nusu, nusu nyingine iko Njombe. Safari ni mwezi wa kumi. Sijasaini karatasi hata moja. Nimefaulu kwanza kama ulivyosema, sasa naomba ile ya baadaye.

Kuna jambo moja la mwisho. Koti lako la salfa, lile la kahawia ulilolivua siku ulipoondoka miaka mitatu iliyopita, bado liko kwenye msumari wa kwanza. Mvua imelinyeshea, jua limelikausha, na mfuko mmoja una nyumba ya nyigu. Mwaka jana jirani alitaka kulichoma, Mama akamfukuza na mwiko. Kila jioni natundika shati langu msumari wa pili, na nikigeuka nakuwa kama nimekuacha umesimama pale unaangalia kama nimefuata sheria. Siku ya safari langu litabaki hapo kando ya lako, miezi sita. Sitaliweka kwenye begi, Mjomba. Hilo nimeshalijua.

Nisalimie mkazamjomba na Uwesu, na yule mjukuu wako mpya ambaye hatujamwona ila kwenye picha, amefungwa masweta mpaka anafanana na gunia la korosho. Mwenyezi Mungu akupe nguvu ya goti, akutunzie macho na sauti, ili neno lako la ruhusa utakapolituma lifike likiwa zima.

Nakungoja, mpwa wako anayekupenda na kukuogopa kwa pamoja,

Ziada, mama yake Faidha