Wamekuchora na Miguu Sawa

Ntandu ndugu yangu,

Wamekuchora, na wamekuchora vibaya. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungetaka kulisikia kabla ya salamu.

Baba yako mdogo, yule wa Singida mjini, alimpa kazi mchoraji wa mabango akutengenezee picha kubwa ya rangi kwa ajili ya kumaliza msiba. Jumapili ikafunuliwa sebuleni kwa mama yako, hapa Ikungi. Umevaa suti. Wewe, fundi baiskeli, ambaye kwenye harusi ya dada yako ulivaa shati la kuazima ukalirudisha na grisi. Shingo haikutani na kola. Mikono imefichwa mifukoni, maana yule mchoraji hawezi vidole. Na mwili wenyewe naufahamu, niliuona kule Mtinko kwenye picha nyingine, chini ya kichwa cha mzee mmoja marehemu. Nadhani anayo miili ya suti imekaukia kibandani, anasubiri watu wafe awabandike vichwa.

Lakini kilichonikera zaidi ni miguu. Miwili, sawa, imenyooka kama nguzo za umeme. Na wageni wakapita mmoja mmoja wakisema, "Kama yeye kabisa." Haohao waliokuwa wakiiga mwendo wako sokoni.

Nikaikumbuka siku ya kwanza uliyokubali nikuchore. Tulikuwa tunajifunza pamoja siku za mnada, tumekaa juu ya jiwe, tunachora wauza mbuzi nyuma ya karatasi zilizotupwa ofisini kwangu. Watu wako waliegemea, walivuta kamba, walijikuna. Wangu walisimama wima wakitazama mbele. "Karani," ulisema, "unachora watu waliopanga foleni dirishani kwako."

Siku hiyo ulisimama ukiegemea baiskeli, na mimi, kwa heshima, nikaurefusha mguu wako wa kushoto ufike chini. Ukaitazama karatasi.

"Huyu ni nani? Mguu huu kautoa wapi?"

Nikasema sikutaka kukuudhi.

"Sasa ndipo umeniudhi. Angalia uzito uko wapi. Mguu mmoja unabeba, mwingine unasindikiza. Nyonga imepanda, bega limeshuka. Ukininyoosha huku chini, huko juu kote unadanganya."

Ukaifutia mikono yako ya grisi karatasi ile. Nilikuchukia mpaka jioni.

Basi Jumapili baba mdogo akaniita mbele ya watu. "Wewe kijana una mwandiko wa ofisini. Mwandikie jina hapo chini." Akanipa brashi. Unanijua, mimi ndiye ninayegonga mlango wa bosi hata ukiwa wazi. Nikamwambia shikamoo mara ya pili. Nikachovya brashi, nikainama. Halafu nikasikia mdomo wangu unasema, "Baba mdogo, huyu simfahamu."

Akaniuliza kama nimelewa. Nikasema sijalewa, ila Ntandu hakuwa na miguu hii, na jina lake siliandiki chini ya mtu mwingine. Sauti ilitetemeka kama ya mbuzi wa mnadani. Hakuna aliyenisaidia. Wote walikodolea macho sahani zao.

Ndipo mama yako akacheka. Tangu tukuzike hakuwa amecheka. "Mwacheni. Mimi mwenyewe tangu asubuhi najiuliza, mgeni huyu wa pichani nimpe chai au nimsubiri aondoke." Kisha akanigeukia. "Haya, mchore wewe."

Baba mdogo aliondoka bila kula. Picha yake ya suti imegeuzwa uso ukutani.

Ni mchana, wenzangu wa ofisini wamekwenda kula, na karatasi iko mezani, nyeupe. Naogopa, Ntandu. Nawadharau wote waliosema "kama yeye kabisa," lakini mkono wangu nao unataka kukunyoosha. Unataka kuwa na adabu. Nikiuachia, mama yako atapata mgeni wa pili, na safari hii wa kwangu.

Kwaheri, ndugu yangu. Kichwa nitakiacha mpaka mwisho. Nitaanza na mguu mfupi, kisigino kikiwa hewani, halafu nyonga, halafu bega. Nikimaliza nitampelekea mama yako bila jina. Akiuliza huyu ni nani, nitaifutia mikono karatasi hiyo, na kuanza tena.