Pipa la Mama Mkwe Pangoni

Zlatina, upo? Mama mkwe ameniua leo. Ameniua!

Yule mtaalamu wa makumbusho kutoka mji mkuu, Sofia, kaja kuamua kama pango letu lichimbwe tena. Mimi mbele na tochi, najidai. Namwambia, "Hewa ya humu haijabadilika tangu enzi za dubu wa kale."

Akanusa. "Dada, hii ni kabichi."

KABICHI, Zlatina!

Nyuma ya nguzo ya mawe, palepale yalipofukuliwa meko ya watu wa kale, kuna pipa la bluu. Mama mkwe anachachusha kabichi yake ya majira ya baridi pangoni!

Nikatoka nje nikampigia simu kwa hasira. Hata haoni haya. "Stoo yangu ina joto, kabichi inalainika. Na hao watu wako wa kale, kwani walikuwa wanakula mawe?"

Narudi ndani, namkuta mtaalamu kainamia pipa, anakunywa maji ya kabichi kwa kifuniko cha chupa yake ya chai. Kafumba macho! "Kama ya marehemu mama," anasema. Mifupa ya dubu hata hakuitazama.

"Na kuchimba je?" nikamuuliza.

"Tutachimba. Lakini kabichi iive kwanza."

Miaka yote nawabembeleza watu wa makumbusho waje, kumbe dawa ilikuwa kabichi!

Sasa hivi mama mkwe kanipigia mwenyewe. Nikadhani anaomba radhi.

"Kesho ukiingia na wageni, unikorogee kabichi yangu."