Kataa Imetangulia Ruhusu

Sinza, Alhamisi

Bosi wangu, lile boga! Ofisi ina kiyoyozi, kichwani maji matupu.

Programu yangu ilitoa zile kanuni za ukuta wa ulinzi wa kompyuta zetu (firewall), nani apite na nani akataliwe, ikazipanga kwenye Excel ili bosi azisome. Akanifokea mbele ya wote: "Vurugu gani hii? Hujui A-B-C?" Akazipanga upya kialfabeti, akamwagiza Salome azirudishe kwenye mashine hivyo hivyo.

Ukuta husoma kuanzia juu, na hutii kanuni ya kwanza inayokuhusu. Ndiyo maana "Kataa wote" huwekwa mwisho. Sasa K imetangulia R, ikapanda juu ya kila "Ruhusu".

Niliona. Salome, ambaye bado ni mgeni kazini, akaniuliza, "Braza, iko sawa hii?"

"Sawa," nikamjibu. Nilitaka boga liumbuke.

Barua pepe zikakatika matawi yote, bosi akiwa na wageni wake. Hakuumbuka. Alimnyooshea Salome kidole: "Kusanya vitu vyako, utoke."

Salome akanitazama, akingoja niseme neno. Mie nikainama kufunga kamba za viatu.

Viatu vyangu havina kamba.