Mahali Nilipoiweka Meza Yako

Yaya Feza, dada yangu mkubwa,

Sauti iliyonibakia ni ya cherehani yako. Watu walipiga kelele siku ile, na paa la nyasi na plastiki nalo lilikuwa na mlio wake, lakini ninachokisikia mimi ni ile cherehani ya mkono ikiendelea kuzunguka baada ya mtu kusema "Moto!" Sisi tulikuwa tumeshasimama, tunasukumana kuelekea mlangoni. Nyuma yetu wewe ulikuwa bado unashona. Nimelifikiria sana, na nadhani uliweza kumaliza pindo la mkono mmoja wa shati.

Ulikuwa unatungoja tupite. Ndivyo ulivyofanya kila jioni wakati wa kufunga. "Mupite kwanza," ulisema. "Nyinyi muko na miguu mbili. Mi niko na moya na miti mbili, nitabachelewesha." Tulicheka, ukayaegemeza magongo yako ukutani, tukapita. Siku ile pia tulipita.

Sasa ni mwaka. Kwetu Kongo vita bado. Redio ya Papa Elia inataja Uvira, kisha inataja Fizi, kisha betri zinaisha. Hapa kambini Dzaleka watu wanazidi kufika, na wengine wanajenga hadi karibu na shamba ulipozikwa. Wasichana uliowafundisha kukata kola bado wanaikata kama ulivyowafundisha, kwa kuiacha pana kidogo halafu kuipunguza. Mimi pia.

Sijui kama ulielewa kilichotokea, kwa hiyo nakueleza. Pasi ya mkaa iliachwa juu ya vipande vya kitenge, mteja alipoita nje. Hakuna aliyekusudia. Wewe ulifika katikati ya chumba, na hapo robota la vitambaa lilikuwa limeziba njia, kama lilivyoziba kila siku. Mtu mwenye miguu miwili alilivuka bila kuliona. Wanaume walipokutoa, moto ulikuwa haujakugusa. Kilichokuua ni moshi tu. Mimi nilikuwa nje nakohoa, na mkononi nilikuwa na mkasi wangu. Nilitoka na mkasi, Yaya.

Kuna jambo ambalo watu hawalisemi mbele yangu. Aliyeiburuta meza yako hadi kule ndani ni mimi. Ulipokuja atelye, chumba chetu cha kushonea, mara ya kwanza ulikaa karibu na mlango, na kila aliyeingia aliyapiga teke magongo yako, na vumbi la barabarani lilikuangukia kwenye nguo nyeupe. Nikaona ni aibu, fundi wetu mkubwa kukaa mahali wanapokaa waombaji. Nikachagua pembe ya mwisho, penye ukuta wa kuegemea. Ulifurahi. Uliniambia, "Mwalimu, leo umeniweka mu salon kama mugeni," na siku nzima ukawaita wateja waje "salon" kupimwa. Uliniita Mwalimu kwa kunitania, kwa sababu ya diploma yangu ya Uvira iliyokuwa haina kazi. Nilipenda unitanie.

Baada ya mazishi walikuja watu kutoka Lilongwe kuuliza kama kuna mtu anayejua kusoma Kiingereza, aende kwenye mafunzo ya usalama kwa wenye maduka na wasimamizi wa majengo ya umma. Nikaenda. Mafunzo yalikuwa mjini, katika ukumbi karibu na soko la Tsoka. Mwalimu wetu alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuzima moto kwa kazi, Bambo Chirwa. Alifundisha kwa Kichewa na Kiingereza, mimi nikawatafsiria Wakongo wenzangu. Tulijifunza ndoo za mchanga, blanketi lililoloweshwa maji, na jinsi watu wawili wanavyombeba mtu akiwa amekaa kwenye kiti chake. Nilitafsiri vizuri. Watu walinisifu. Sikuwa nasikia kitu chochote moyoni, na niliona ni afadhali hivyo.

Siku ya tatu alitugawia karatasi. Kila mtu achore chumba chake cha kazi, kisha aweke msalaba mahali anapokaa mtu wake asiyeweza kukimbia: bibi, mjamzito, kilema. Bambo Chirwa akapita akiziangalia. Sisi wote tuliotoka Kongo tulikuwa tumeweka msalaba ndani kabisa, mbali na mlango. Karatasi zote, kana kwamba tulipeana majibu. Akauliza kwa nini. Wenzangu wakaniangalia mimi. Nikamjibu kwamba kwetu mtu wa namna hiyo hawekwi njiani, ni heshima. Akanishukuru, "Zikomo," kama mtu niliyempa kitu, kisha akasema asiyeweza kukimbia akae karibu na mlango kuliko wote, na asingoje mtu kupita. Nikaitafsiri sentensi hiyo. Niliitafsiri hadi mwisho. Halafu nikaomba ruhusa kwenda nje, nikasimama kati ya wauza nyanya mpaka mmoja aliponiuliza kama nanunua au nimepanga kivuli chake.

Tangu hapo naenda mjini mara mbili kwa wiki, nawasaidia wale wa mafunzo kukagua maduka na migahawa. Pale Chilinde kuna mama mwenye mgahawa, nsima yake, ugali wa huku, ni nzuri kweli. Nilimwambia vilema hawawezi kuingia kwake. Akacheka: "Sister, hao hawaji hapa hata!" Nikahesabu ngazi za mlangoni kwake, zilikuwa nne. Nikamwonyesha kwa kidole. Alikasirika, akanihudumia nyama ndogo. Wiki iliyofuata nilikuta amejaza kifusi upande mmoja na kukilainisha kwa udongo, na juu yake mzee wa baiskeli ya magurudumu matatu alikuwa anapanda, anamwambia aongeze mchuzi.

Kwa wageni naweza. Nyumbani nimeshindwa.

Atelye wameijenga upya kwa vipimo vilevile, mlango mmoja mbele. Katika kambi iliyokuwa gereza, ungedhani tungechoka na vyumba vya mlango mmoja. Na ile pembe yako wamempa Mama Zaituni wa Kindu, yule anayeshona vifungo. Magoti yamemvimba sasa, hutembea kwa fimbo na kushika ukuta. Wamempa kwa heshima. Walipoinua kiti chake kukipeleka ndani nilijua sitaweza kukaa chumba kimoja naye.

Kwanza nilimwomba yeye mwenyewe ahamie mlangoni. Aliniangalia juu ya miwani. "We mutoto, unaniweka mu mulango niko mbwa ya kulinda? Nimefanya biashara miaka makumi, leo bantu banipite juu ya kichwa?" Wasichana wakacheka. Nikamweleza mambo ya Bambo Chirwa. Akasema huyo bwana aje amwambie mwenyewe, na aje na soda.

Nikaenda kwa Papa Elia, kwa kuwa ndiye shefu, mkuu wa atelye. Nikamwambia basi, kama Mama hataki kwenda kwenye mlango, tutoboe mwingine pale alipo. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Aliweka kitambaa chini, akasema, "Riziki, mwanangu. Kwetu Fizi batu ba bunduki balitukuta kwa mulango ya nyuma. Mi nilikuwa nimeitengeneza kwa mikono yangu, mama ya batoto apitishe kuni. Siweki tena mulango ya nyuma popote." Halafu akaendelea kukata. Nilirudi kwake mara mbili zaidi, na mara zote mbili alinipa jibu hilo kwa upole uleule.

Ningeweza kusema nimejaribu, Yaya. Ndivyo nilivyojiambia kwa wiki mbili. Kisha Mama Zaituni, jioni moja ya kufunga, alikaa akiendelea na vifungo vyake, akatuambia, "Mupite, mupite, mi ni muzito." Wasichana wakacheka, wakapita. Mimi sikupita. Nilisimama pale mpaka akaniuliza nina ugonjwa gani.

Leo ni Jumapili. Walipoanza wimbo wa kwanza kanisani nilikuwa tayari kwenye ukuta wa pembe yako na sururu niliyoazima. Nilianza juu, nikapachika ubao wa kushikilia matofali kabla ya kuondoa ya chini, kama nilivyomwona fundi akifanya mjini. Udongo ni laini kuliko nilivyofikiri. Mlango seremala amekwisha kuutengeneza, nilimwagiza Alhamisi. Utafunguka kwenda nje, na kwa nje hauna kitasa wala tundu, hauna pa kushika. Mtu aliye nje hawezi kuufungua. Nitamwonyesha Papa Elia hilo kabla hajasema neno. Na akitaka kunifukuza, atanifukuza akiwa ameuona.

Mama Zaituni haendi kanisani, kwa hiyo aliisikia kazi. Alikuja kwa fimbo yake, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akanitazama nikipiga sururu. Nilidhani atapiga kelele. Akasema, "Ongeza upana. Mi si mbuzi." Nikaongeza upana. Alipopita mara ya kwanza aligusa kando zote mbili kwa mikono, akarudi ndani, akapita tena. Mara ya tatu sikumwangalia.

Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kifusi, mikono imechubuka, ndiyo maana mwandiko ni mbaya. Siombi unisamehe, sijui kama hilo linafanyika kwa barua. Ninakuahidi kwamba Papa Elia akiniuliza kwa nini, sitamtajia Lilongwe wala Bambo Chirwa. Nitamwambia nani aliiburuta meza yako, na kwa nini niliona ni pazuri.

Lala salama, Yaya wangu, fundi wangu. Wanatoka kanisani sasa, naona nguo za kwanza barabarani. Ukuta nimeshautoboa.

Riziki