Mkono wa Picha ya Tano

Kaka,

Salamu ulizompa jirani zimefika. Huku paa bado linavuja, na paka amezaa kwenye kabati lako.

Ulipokuja na kamera nilisema moyoni: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa nimezitazama picha kumi na mbili za mama kwenye tovuti ya gazeti lenu. Katika ya tano, mkono unaomshikia kikombe ni wangu. Umeukata kwenye kiwiko. Chini mmeandika, "Anaugua peke yake, hana wa kumtunza." Miaka sita namgeuza kitandani, kaka!

Nilipokuuliza ulisema, "Mdogo wangu, picha lazima zisimulie, ziwaguse watu." Zimewagusa. Majirani wananiuliza kwa nini nilimtelekeza.

Mama nilimwonyesha kwenye simu. Alizitazama hadi ya mwisho, akauliza, "Mbona kaka yako hayumo?" Nikamwambia mpiga picha huwa haonekani. Akasema, "Basi ndiyo kawaida yake."

Tulimzika Jumanne. Nilikupigia mpaka betri ikaisha, hukupokea. Kitanda nimekitandika. Njoo upige ya kumi na tatu. Safari hii hakuna wa kumkata.

Ni mimi mdogo wako, mwenye ule mkono.