Sadruddin wa Mtoni na Vioo vya Nyota Zake

Mwaka umepita, Sadruddin, tangu tulipokutoa nyumbani Mtoni ukiwa umebebwa, na hasira haijatutoka. Tungependa kukukumbuka kwa upole. Hatuwezi.

Mpole ulikuwa wewe. Mchana uliuza misumari na bawaba, ukiwaamkia wazee wote, hata yule aliyekuita kichaa wa paani. Usiku usio na mwezi ulipanda na darubini yako yenye kioo cha pembe tatu mbele, ukapiga picha mwanga wa nyota nyekundu ndogo, zile zisizoonekana kwa macho. Mwanga ulilala kwenye bamba la kioo lililopakwa dawa ya picha, kama utepe wenye mistari myeusi. Na hilo nalo tunakulaumu: kifua chako ulikijua ni kibovu, na umande wa usiku ukaufuata.

Mdogo wako Zarin aliacha shule darasa la tatu, mama alipougua. Mbele za watu sauti yake haitoki. Ulimfundisha bila kumcheka. Ulimwambia mwanga hafifu waweza kuwa kibatari cha karibu au karabai ya mbali, macho hayajui. Mistari ile ndiyo inayosema ni kipi. Ukishajua ni taa gani, ufifu wake unakupa umbali.

"Hivi ni vibatari, Zaru," ulisema. "Majirani zetu kabisa, na hatujawahi kuwabishia hodi."

Sasa sikia ulichofanyiwa. Arobaini yako haijafika, Ami Najmuddin, mtia picha fremu, alibeba makasha ya vioo vyako akavikwangua kwa maji moto na magadi. Alidhani ni picha zilizoungua, na kioo ni adimu tangu vita. Hakumuuliza mtu. Kazi yako yote uliyokwisha kuipima ikaingia mtaroni, likabaki kasha moja tu. Kisha akatuletea picha yako ndani ya fremu, nasi tukamshukuru, mpaka Zarin alipoona pembeni mwa kioo alama uliyoichora kwa ncha ya almasi kwenye kila kioo chako.

Juzi, kwenye hitima yako ya mwaka, alikuja kutaka kasha la mwisho, lenye vioo ambavyo hukuwahi kuvipima. Alisema vinakula vumbi bure, na wageni wakamkubalia. Zarin akasimama mlangoni.

"Hivi huvioshi, Ami."

"Darasa la tatu lenyewe hukulimaliza. Utavifanyia nini?"

"Nitavipima. Nikishindwa nitavitunza mpaka apatikane anayeweza. Lakini huvioshi."

Ami akacheka, akamgeukia mama ili amkanye bintiye. Mama akaenda ukutani, akaitoa picha yako kwenye fremu, akamwekea Ami kile kioo mkononi.

"Hiki umeshakiosha, shemeji. Nenda nacho."

Kasha limo chumbani kwa Zarin, na ufunguo anao yeye.

Tunaokukumbuka ni mama yako Sakinabai, mdogo wako Zarin na shangazi yako Fatmabai wa Boko. Ami Najmuddin aliomba jina lake liwemo katika tangazo hili. Tumemkatalia.

Mungu akurehemu. Hatutakusahau, leo wala kesho.